Salama, Ila

Fundi aliliandaa jibu lake tangu kituo cha basi. Lilikuwa jibu fupi, la maneno manne tu: "Salama, ila mtoto hatukumpata." Alilirudia njia nzima kimoyomoyo, kama mtoto aliyetumwa dukani anavyorudia sukari nusu, majani ya chai, kiberiti. Alipofika kwenye geti la karakana ya masweta, jibu lilikuwa limeshika.

Tatizo lilikuwa mlinzi. Mlinzi wa pale aliitwa Redio, na hakuitwa hivyo kwa sababu ya kuimba. Alikuwa na kipaji cha kusikia nusu ya habari na kuitangaza nzima.

"Fundi! Habari za nyumbani?"

"Salama," Fundi akasema, "i..."

"Mama keshajifungua?"

"Keshajifungua, i..."

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Weee!" Redio akaliacha geti wazi, lori la uzi likipiga honi nje, akakimbilia dirisha la ukumbi. "Jamani, Fundi kapata binti! Mzima wa afya!"

Hilo la afya alilitia yeye. Mengine yote yalikuwa kweli.

Lugha yetu hii ina ubaya wake. Mtu anaweza kuwa ameunguliwa nyumba, ukimuuliza habari za asubuhi atakujibu nzuri kwanza, halafu ndiyo ailete ila. Kila kitu kimo kwenye ila. Hiyo nzuri ni kubisha hodi tu. Fundi alibisha hodi, akakaribishwa kwa shangwe, na ila yake ikabaki nje getini pamoja na lori.

Mtoto alizaliwa Jumamosi kwa operesheni, mama yake akiwa kwenye nusu kaputi. Alikuwa na kilo mbili na nusu, na hakuvuta pumzi. Muuguzi alimletea Fundi karatasi ya ruhusa ya kuzika. "Ni afadhali mama asimwone," alisema, kwa sauti ya mtu anayeshauri dawa ya kikohozi. "Asipomwona hatakuwa na cha kukumbuka. Atapona upesi." Akaweka kidole mahali pa kutia saini, na Fundi akatia pale palipokuwa na kidole. Jumapili asubuhi alizika yeye na shemeji yake, kaka wa mkewe. Mkewe alipozinduka vizuri na kuambiwa, aliuliza jambo moja.

"Mmeshazika?"

"Tumeshazika."

Akageukia ukutani. Tangu hapo walikuwa wameongea kuhusu maji, malapa na dripu tu.

Na Jumatatu alikuwa kazini, maana shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki tatu, na karakana ilikuwa na mashine kumi na nane na fundi mmoja.

Ukumbini, nyuma ya kila mashine, kulikuwa na mwanamke aliyesukuma mkono wa chuma kushoto kulia, kushoto kulia, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Fundi alipoingia mikono yote kumi na nane ilikuwa imesimama. Kwa watu wanaolipwa kwa kipande, kusimamisha mkono ni heshima kubwa kuliko kupigiwa mizinga.

"Baba Binti!"

"Mwone, amekonda kama yeye ndiye aliyezaa!"

"Mwacheni, hajalala huyo. Karibu kwenye chama cha wasiolala, Fundi."

Bibi Kola, ambaye alikuwa akiunganisha kola za masweta tangu Fundi hajaota ndevu, alimshika mashavu kwa viganja viwili. "Uzito?"

"Kilo mbili na nusu."

"Si haba. Nywele?"

Fundi alizikumbuka. "Nyingi. Mpaka hapa," akasema, akagusa kisogo chake.

"Ndiyo maana mkeo alisumbuliwa na kiungulia miezi yote ile. Nilikwambia, sikukwambia?"

"Uliniambia, Bibi."

"Na jina?" akauliza Kifungo, msichana wa kushona vifungo, ambaye alikuwa mfupi, wa duara, na kwa hiyo hakuhitaji jina lingine.

"Bado."

"Msichelewe, atazoea kuitwa wewe."

Wakacheka. Fundi naye alisikia mdomo wake ukicheka. Sauti zilimfikia kama zimepita kwenye marobota ya uzi. Aliulizwa maswali kumi, akajibu kumi, na hakusema uongo hata mmoja. Hilo ndilo lililomshangaza baadaye, alipolala chali chini ya mashine namba saba akitafuta sindano iliyopinda: kwamba mtu anaweza kusema kweli tupu asubuhi nzima na bado akawa mwongo wa kutupwa.

Karakana ilikuwa na utaratibu wake. Uzi uliobaki ukiwa mrefu kuliko pima moja, ulirudishwa kwenye mizani ya Nyapara. Uliokuwa mfupi zaidi ulihesabiwa takataka, na takataka ni ya aliyeiokota. Basi mfanyakazi akipata mtoto, wote waliokota takataka zao, wakazifunga fundo kwa fundo, wakafuma kwa mkono saa ya chakula: kofia, sweta, soksi, blanketi. Mafundo yote yalielekezwa nje yasimkune mtoto. Kwa nje nguo ilionekana imeota chunusi, kwa ndani ilikuwa laini kama shavu. Na kwa kuwa uzi ulikuwa wa sare za shule, damu ya mzee, kijani ya chupa, bluu iliyoiva, kichanga cha pale kilitoka kwenye blanketi lake kama mwanafunzi aliyefukuzwa shule tatu.

Saa ya chakula Jumatatu hiyo, hakuna aliyekula vizuri. Mkono mmoja ulishika sindano za kufumia, mwingine ulipokonyana na mdomo. Fundi akasimama mbele yao. Aliona kwamba wakati ni huu. Akafungua mdomo.

"Sikilizeni, mimi nataka..."

"Unataka kusaidia," Bibi Kola akamalizia. "Haya, nyoosha mikono."

Akanyoosha. Bibi Kola akamzungushia uzi kwenye viganja, raundi baada ya raundi, huku mwenzake akiukunja kuwa donge. Fundi akakaa vile amenyoosha mikono mbele kama mtu aliyekamatwa, mpaka kengele ikalia.

Jioni alikwenda hospitali saa ya kuona wagonjwa. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili. Kumi na kimoja vilikuwa na watu wawili wawili.

"Umekula?" akamuuliza mkewe.

"Nimekula."

"Kidonda?"

"Kipo."

Mtoto wa kitanda cha jirani akalia, akanyonyeshwa, akanyamaza. Mkewe alikuwa akitazama malapa yake sakafuni, moja limemlalia mwenzake.

"Kazini wanasemaje?"

"Wanakusalimu."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia umejifungua."

"Vizuri," mkewe akasema. Akavuta shuka.

Hakuuliza zaidi. Fundi naye aliyakumbuka maneno ya muuguzi, asiwe na cha kukumbuka, akayatunza kama mtu anavyotunza maelekezo ya dawa: usizidishe, usikatishe.

*

Jumanne alikusudia kusema kabla ya saa nne. Saa tatu na nusu mashine namba kumi na moja ilikwama, na alipokuwa ameinama na bisibisi, mwenye mashine akamuuliza bila kumtazama, kwa sauti ya kupoteza wakati tu:

"Anafanana na nani?"

"Mama yake. Kidevu."

"Na huku juu?"

"Huku juu amekunja uso," Fundi akasema. "Kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati."

"Eh, huyo atakuwa mkali."

"Vidole virefu pia. Virefu sana kwa mtoto."

Alisikia kitu kikisogea kifuani, kidogo, kama sindano iliyokwama inapoanza kulegea. Halafu kikarudi mahali pake. Akafunga skrubu, akajaribu mkono wa mashine, kushoto kulia, ukaenda. Saa nne ikapita.

Ikawa hivyo. Kila siku alikuja na maneno yake manne, na kila siku mtu alimuuliza kitu kidogo, naye akatoa. Masikio? Madogo, yamelala. Ngozi? Nyeupe bado, lakini ncha za masikio zimeshaonyesha rangi. Alikuwa amembeba dakika ishirini hivi, kutoka mlango wa nyuma wa hospitali mpaka kwenye gari la kukodi, na ndani ya gari. Kumbe dakika ishirini ni nyingi. Alizitoa kwa vipande, na zilikuwa bado hazijaisha.

Jumatano mkewe akarudi nyumbani. Walikaa vyumba viwili ghorofani, vya kupandia ngazi ya nje, na kamba ya kuanikia mbele ya mlango. Shemeji alikuwa amekwishapita na katoni kubwa, akazoa beseni jipya, vitambaa, poda, kila kitu, akapeleka kwake. Alifanya kazi safi. Mkewe alisimama katikati ya chumba, mkono kwenye kidonda, akatazama pembe ile na pembe ile.

"Kaka amepita," akasema.

"Alipita jana."

"Sawa."

Maziwa yalikuja usiku huo bila kuuliza kama kuna mtu. Akawa anavaa mashati ya Fundi kwa kuwa ndiyo mapana, na kila yalipolowa akayafua na kuanika. Hakulia. Hata Fundi hakulia. Walipishana kwenye vyumba vile viwili kwa adabu, kama wageni wa nyumba ya kulala wageni wanaosubiriana bafu.

*

Alhamisi Nyapara alimwita kwenye kijumba chake cha vioo. Nyapara alikuwa mtu wa mizani, na hata mkono aliutoa kwa kupima.

"Nasikia hongera."

"Asante, Mkuu."

"Wanawake wameniomba ruhusa waje kwako Jumamosi. Wote ishirini, hebu fikiria! Na msimu huu! Nimetoa wawili, kuanzia saa nane. Saa zao watazifidia. Zako utazifidia wewe, Jumapili. Tia saini hapa."

Fundi alitazama karatasi. Ilikuwa na kidole cha Nyapara mahali pa saini. Hapa angeweza kusema. Kijumba kilikuwa na mlango, mlango ulikuwa umefungwa, na Nyapara hakuwa mtu wa kushangilia chochote.

"Mkuu, wasije."

"Mbona?"

"Mke wangu... hali yake..."

"Ah, ya kwenu mtamalizana wenyewe. Mimi kazi yangu saa. Wakija, wasipokuja, Jumapili uko hapa, maana nimeshapanga namba saba ifunguliwe yote." Akamsukumia kalamu. "Na mtoto anakua upesi, usimwone hivyo. Furahia."

Fundi akatia saini, akasema asante. Alipotoka ndipo alipogundua ameshukuru.

Ijumaa alimfuata Bibi Kola nje, mahali pa kunawia mikono. Alikuwa ameazimia. Aliufunga kabisa mfereji wa maji ili asikatizwe na chochote.

"Bibi. Kuhusu kesho. Msije."

"Tusije?" Bibi Kola alikuwa na sabuni mpaka viwiko. "Mkeo kakataa wageni?"

"Hajui. Hayuko vizuri."

"Mwanamke aliyepasuliwa atakuwa vizuri kwa lipi? Ndiyo maana tunakuja. Hatukai. Tunamwona mtoto, tunamvisha, tunaondoka. Fungua maji, sabuni inakauka."

"Bibi, mtoto..."

"Mtoto kafanyaje?"

Macho ya bibi yule yalikuwa yamechoka, yamekodoka kwa kukazia uzi mwembamba saa ya chakula, siku tano mfululizo. Alikuwa amefuma blanketi. Fundi alikuwa ameliona: milia ishirini, kila mlia wa takataka za mwanamke tofauti. Kidole cha shahada cha Bibi Kola kilikuwa na plasta.

"Analala?" Bibi Kola akauliza, akijisaidia mwenyewe na jibu. "Analala mno, ndiyo inakutisha?"

"Ndiyo," akasema Fundi. "Analala."

"Wa kike hulala hivyo wiki ya kwanza. Usiogope, baba. Fungua maji."

Akafungua maji.

*

Jumamosi saa nane kamili walikuwa wanamsubiri getini, wamenawa, wamebadilisha viatu. Bibi Kola alibeba mfuko. Kifungo alibeba mkoba wake na alikuwa akifuma huku anatembea, sindano zikigongana kama meno ya mtu mwenye baridi.

"Sijamaliza!" akasema kabla hajasalimiwa. "Msinitazame. Nimepewa soksi, watu wengine wakapewa vitu vya heshima, mimi soksi, na bado sijamaliza."

"Huyu tungempa vifungo tu," akasema Bibi Kola.

"Nguo za mtoto hazina kifungo hata kimoja, Bibi. Ningeshona nini?"

Redio akawafungulia geti kwa saluti. "Mpelekeni salamu za mlinzi! Mwambieni nimemtangaza bure!"

Njiani Fundi alitembea mbele. Alipanga kusema kwenye kona ya duka la vipuri. Akapita. Alipanga kusema kwenye kivuko cha reli, na kwa bahati garimoshi lilikuwa linapita, hakuna ambaye angesikia. Wakafika kwenye ngazi. Pale akainama akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa, akaifungua, akaifunga tena. Wanawake wakampita, wakapanda.

Bibi Kola alifika juu kwanza, akasimama kupumua, mkono kwenye nguzo. Mbele yake kulikuwa na kamba ya nguo. Kwenye kamba kulikuwa na mashati matano ya kiume. Aliyatazama. Nyumba yenye kichanga cha wiki moja, na kamba haina kitambaa hata kimoja. Akalishika shati la karibu kwa vidole viwili, upande wa kifua, mahali palipoacha alama ya kitu kilichofuliwa kikakataa kutoka. Akaliachia.

Mlango ukafunguliwa. Mke wa Fundi alikuwa amevaa shati la sita.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Bibi Kola hakuendelea.

"Habari za uzazi!" akasema Kifungo, akiwa bado ngazi mbili chini.

"Salama," mkewe akajibu. Mdomo ulikwenda wenyewe. "Karibuni."

Wakaingia, wakakaa kwenye kiti kirefu. Fundi aliingia nyuma yao, akasimama karibu na jiko. Akashika birika kwa kuwa lilikuwepo. Kifungo aliangaza macho huku na huku, akiwa na tabasamu lake lote.

"Yuko wapi? Amelala? Tutaongea polepole, mimi nikitaka naweza, waulize watu."

"Kifungo," akasema Bibi Kola.

"Nini?"

Mke wa Fundi alitazama mfuko. Kofia ilikuwa imechungulia kwenye mdomo wa mfuko, ya kijani ya chupa, na mafundo yake nje. Halafu akamtazama mumewe. Alimtazama muda ambao birika lingeweza kuchemka, kama lingekuwa na maji.

"Hukuwaambia," akasema.

"Nilianza," Fundi akasema. "Getini. Nikasema salama, nikataka kusema ila."

"Lini?"

"Jumatatu."

"Leo Jumamosi."

"Ndiyo."

Mkewe akawageukia wageni. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda polepole, mkono kwenye kidonda. "Mtoto hakuishi," akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kuomba maji. "Alitoka hana pumzi. Wamemzika Jumapili iliyopita. Samahanini kwa kutembea bure."

Tabasamu la Kifungo lilibaki usoni kwa kukosa maagizo. "Hapana," akasema. "Hapana, dada. Alisema ana kilo mbili na nusu. Alisema ana nywele mpaka kisogoni."

Bibi Kola alikwishaanza kurudisha kofia ndani ya mfuko. "Inuka, tuondoke," akamwambia Kifungo. "Mwanangu, utusamehe. Hatukujua. Hivi tunaondoka navyo, usije ukavikuta mbele yako. Na wewe," akamgeukia Fundi, "na wewe nitakuja kukupa maneno yako siku nikiyapata. Siku tano! Ninakuuliza mtoto, unaniambia analala!"

"Samahani, Bibi."

"Samahani yako iweke kwenye birika."

"Kaeni," mke wa Fundi akasema.

Bibi Kola alikuwa amekwisha kusimama.

"Tafadhali, Bibi. Kaa." Alikuwa anamtazama Kifungo. "Nywele mpaka wapi?"

Kifungo alimtazama Bibi Kola, akamtazama Fundi, hakupata msaada popote. Akagusa shingo yake kwa nyuma. "Hapa. Alisema nyingi."

"Za namna gani?"

"Hakusema. Hakuna aliyeuliza."

"Nini kingine alisema?"

"Dada, mimi..."

"Mimi sikumwona," akasema mke wa Fundi. "Walinilaza. Nilipoamka alikuwa ameshazikwa, na kwamba ni wa kike niliambiwa na mfagiaji. Nini kingine alisema?"

Kifungo akaanza kulia, lakini aliendelea kujibu, kwa kuwa alikuwa msichana aliyelelewa kujibu akiulizwa na mkubwa. Kidevu ni chako, dada. Alisema kidevu ni chako. Vidole virefu. Masikio madogo, yamelala. Uso kaukunja kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Alisahau kimoja, Bibi Kola akamkumbusha, kwa sauti ya chini, akiwa ameketi tena na mfuko mapajani: ncha za masikio, rangi. Mke wa Fundi alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja. Hakutikisika. Kila kilichotajwa alikirudia kwa midomo bila sauti.

"Ukumbi mzima unajua haya," akasema mwishoni.

"Wote," akasema Kifungo.

"Hata mlinzi."

"Mlinzi ndiye aliyeanza."

Mke wa Fundi akatikisa kichwa taratibu. Akanyoosha mkono, na Bibi Kola, baada ya kusita, akampa mfuko. Akatoa kitu kimoja kimoja na kukiweka kitandani. Kofia. Sweta ndogo yenye kola, kola ya kweli, ya kusimama. Blanketi lenye milia. Kila kimoja aliuliza nani alikifuma, na Bibi Kola akamtajia: wa mashine namba mbili, wa namba kumi na moja, yule mrefu anayekaa dirishani. Akaingiza mkono ndani ya kofia akaigeuza, upande laini juu, upande wa mafundo chini. Halafu akaingiza mkono mfukoni tena.

"Soksi ni moja."

"Ya pili ninayo," akasema Kifungo, akifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Sikumaliza. Nilikuwa nimalizie hapahapa, nikishampima mguu, kwa sababu ile ya kwanza nilikisia na nadhani nimeizidisha. Nitaifumua, dada. Usijali, nitaifumua yote."

"Usifumue."

"Ndiyo, dada."

"Maliza."

Kifungo alimtazama Bibi Kola. Bibi Kola akatazama sakafu, kisha akainua kidevu kidogo: fanya unavyoambiwa. Kifungo akatoa sindano kwenye mkoba. Zilikuwa zimeshika kipande kisichozidi upana wa vidole vitatu, bluu iliyoiva, chenye fundo moja katikati.

"Sijui urefu," akasema. "Sijui nikomee wapi."

Mke wa Fundi akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali kumtazama mumewe bila kutafuta kitu cha kuomba.

"Wewe ndiye uliyembeba," akasema. "Njoo umwonyeshe."

Fundi akaliweka birika chini. Akaja, akapiga goti kati ya kiti na kitanda, akakunjua mkono wake wa kushoto, ule wenye mafuta ya mashine yasiyotoka kwenye mistari ya kiganja. Kwa kidole cha mkono wa pili akaonyesha: kisigino hapa, kwenye fundo la chini la kidole gumba. Vidole hapa, kwenye ncha.

"Mpaka kwenye kucha?" akauliza Kifungo.

"Chini ya kucha. Kucha iondoe."

Kifungo akaweka kipande juu ya kidole, akahesabu vitanzi kwa midomo. Mkono wa Fundi ulisogea, na mkewe akaukamata kwenye kifundo, akaushikilia mahali pamoja, kama mtu anavyoshikilia rula isihame.

"Ni mguu upi huo?" akamuuliza.

"Wa kulia. Shuka lilikuwa limemtoka upande huo, ndani ya gari. Nikaufunika."

"Ulikuwa wa baridi?"

Mwaka mzima mbele yao wangekuwa na muda wa kujibu mambo kama haya, au wasiwe nao. Kifungo alikuwa ameacha kufuma.

"Fuma," mkewe akamwambia, bila kumwachia Fundi mkono. "Na wewe jibu."

"Wa baridi," akasema Fundi. "Nikaushika mpaka tukafika."